Maji Yaliyoahidiwa Mara Mbili

Wazee husema: ahadi ni deni. Lakini itakuwaje mtu akiahidi kitu kile kile kwa watu wawili? Jambo hilo lilitokea katika jimbo la Oregon, nchi ya Marekani. Kitu chenyewe kilikuwa maji ya mto Umatilla.

Mto huo si mkubwa. Unatoka katika milima iitwayo Blue Mountains, unakwenda kadiri ya kilometa 140, kisha unaingia katika mto mkubwa Columbia. Tangu zamani samaki aitwaye salmoni alikuwa akipanda humo. Samaki huyo huzaliwa mtoni, hushuka mpaka baharini na kukomaa huko, kisha hurudi katika mto wake kutaga mayai. Mto ukikauka mahali pamoja tu, njia yake imekatika.

Mwaka 1855 makabila matatu, yaani Cayuse, Umatilla na Walla Walla, yalifanya mapatano na serikali. Yaliiachia serikali sehemu kubwa sana ya nchi yao, yakabaki na eneo dogo. Lakini jambo moja wenyeji hawakuliacha: haki ya kuvua samaki. Nayo iliandikwa katika mapatano. Hiyo ndiyo ahadi ya kwanza.

Baadaye walikuja wakulima. Nchi ya chini ya mto ni kavu. Pasipo kumwagilia, mazao ni haba. Mwaka 1902 serikali ilitoa sheria ya kujenga mabwawa na mifereji katika nchi kavu, na mwaka 1905 kazi ya Umatilla ilikubaliwa. Bwawa la Cold Springs lilimalizika mwaka 1908. Mwaka 1914 ukajengwa ukuta wa Three Mile Falls karibu na mwisho wa mto, na mwaka 1927 bwawa la McKay likawa tayari. Wakulima walihakikishiwa kwamba maji watapata. Hiyo ndiyo ahadi ya pili. Nao walifanya kazi kweli kweli, hata nchi kavu ikawa mashamba na bustani za matikiti.

Lakini mifereji iliunywa mto. Katika miezi ya kumwagilia, chini ya ukuta yalibaki mawe makavu. Salmoni wa aina ya chinook na coho wakatoweka kwa muda wa miaka 70 hivi. Ilisalia aina ya steelhead, nayo mwaka 1999 ikaandikwa na serikali miongoni mwa samaki walio hatarini.

Sasa, nani mwenye haki? Wenyeji walikuwa na mapatano ya kale, wakulima walikuwa na jasho lao. Wenyeji wangeweza kupeleka shauri mahakamani. Wangeshinda, mashamba yangekauka. Wangeshindwa, samaki wasingerudi. Basi katika miaka ya 1980 walichagua kuketi pamoja na wakulima na kutafuta njia.

Njia waliyoiona ni ya kubadilishana. Mto Columbia una maji mengi kuliko Umatilla. Basi wakulima wavute maji kwa mashine kutoka Columbia, na kipimo kile kile wakiache katika Umatilla kwa ajili ya samaki. Mwaka 1988 Bunge la Marekani liliifanya kuwa sheria, na katika miaka ya 1990 mashine zilianza kazi. Maji ya bwawa la McKay nayo yakafunguliwa wakati samaki wanapopita. Salmoni wachanga waliletwa mtoni, wakashuka baharini, wakarudi. Wenyeji wakavua tena, na mashamba hayakufa.

Kazi haikuishia hapo. Si wakulima wote walioingia katika mabadilishano hayo, na katika Columbia samaki hawana budi kupita mabwawa makubwa matatu kabla ya kufika Umatilla.

Tuangalie pia ni nani aliyelipa. Gharama za mabadilishano hayo hazikuwekwa juu ya wakulima wala juu ya wenyeji. Serikali iliyoahidi mara mbili ndiyo iliyotoa fedha. Na hivyo ndivyo ilivyo haki: ahadi ni deni, na deni humlipisha aliyeahidi, si wale walioahidiwa.