Kuta za Unguja na Jua la Maskati

Jamaa zetu waliozaliwa huku Omani huziona picha za nyumba za Mji Mkongwe wakauliza kwa nini kuta zilikuwa nene vile, yapata nusu mita au zaidi, na vyumba vikawa vyembamba kama ushoroba. Wembamba uliletwa na boriti. Boriti ya mkoko aghalabu haikuzidi sana mita 3, na kwa kuwa dari hulala juu yake, upana wa chumba uliamuliwa na mti. Boriti hizo hizo, kutoka Rufiji na Lamu, zilipakiwa majahazini wakati wa kusi zikaletwa Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za huku vinakaribiana vipimo na vya kwetu. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982, lakini saruji na nondo zilikwisha kuchukua nafasi yake.

Unene nao una khabari yake. Ukuta ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa. Ukuta wa namna hiyo hauzuii joto, huliakhirisha tu: hulinywa mchana polepole, na linapofika ndani jua limekwisha kuchwa na madirisha yako wazi kwa upepo wa bahari. Udongo wa nyumba za Nizwa na Bahla ulifanya kazi hiyo hiyo, na usiku watu wakapanda kulala juu ya paa.

Mwanga ulikuwa wa kibatari na kandili, na karabai kwa harusi na maulidi. Taa iliwekwa shubakani, na weupe wa chokaa ukaurudisha mwanga chumbani. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ndilo jumba la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme. Maskati, hata miaka ya 1960, malango ya mji yalifungwa saa tatu baada ya magharibi, na atembeaye ndani ya mji baada ya hapo alilazimika kubeba fanusi. Waliorudi kutoka Unguja baada ya 1970 walisimuliwa hayo wakadhani ni mzaha.

Nayasema haya kwa sababu mwanangu anajenga Sib. Mama yake, aliyetolewa nyumba ya Malindi akiwa mtoto mwaka 1964, anataka kuta nene kama zile. Simlaumu. Lakini kuta zile zilimtumikia mwenye madirisha wazi. Huku kiangazi joto hupita nyuzi 40, na usiku halishuki vya kutosha. Ukuta mnene ulioshiba jua utalitapika ndani usiku kucha, kiyoyozi kikipigana nao. Hapa joto lizuiwe lisiingie: bao za povu upande wa nje wa ukuta, na zaidi ya yote juu ya paa, maana paa ndilo lipigwalo na jua kutwa. Fedha zikipungua, zipunguzwe kwenye marumaru.

Taa za LED sina ugomvi nazo, kwani hazitoi joto kama balbu za zamani. Nimeomba tu ziwe za mwanga wa manjano, karibu kelvini 2700, na mama apate mashubaka yake mawili ukumbini. Mkandarasi alisema shubaka hula unene wa ukuta na kupitisha joto. Ni kweli, basi tumeyahamishia ukuta wa ndani.