Arduino: Kibao kilichonusurika kufungwa kwa chuo
Arduino ni kibao kidogo cha kielektroniki kilichobuniwa mwaka wa 2005 mjini Ivrea, kaskazini mwa Italia, ili hata wasio wahandisi waweze kuandika programu za kuendesha taa, mota na vipimajoto.

Massimo Banzi na wenzake, walioendeleza kazi ya awali ya mwanafunzi Hernando Barragán, walikipa jina la baa waliyozoea kukutania, ambayo nayo iliitwa kwa jina la Mfalme Arduino.

Chuo chao kilipokaribia kufungwa, waliitoa michoro yake hadharani ili isizikwe pamoja nacho. Wapenzi wa programu nchini Italia husaidiana kwa lugha yao: aliyekwama jana humwongoza aliyekwama leo, bila malipo.