Hank Hill: Baba wa Kizamani Mbele ya Watazamaji Wake

Katika nyumba nyingi za dunia baba ni hakimu. Katika michezo ya kuchekesha baba ni mshtakiwa, na hakimu wake ni mtazamaji aketiye mbele ya televisheni. Huko Marekani kesi hii imesikilizwa kwa zaidi ya miaka 60 katika michezo ya picha za kuchorwa, yaani katuni, na washtakiwa waliopita kizimbani ni wengi. Miongoni mwao yuko mmoja ambaye hukumu yake haijapata kukubaliwa na wote. Jina lake ni Hank Hill, muuza gesi wa mji wa kubuni uitwao Arlen katika jimbo la Texas, baba wa mchezo wa King of the Hill. Wampendao humpenda kama jamaa yao wa damu. Wasiompenda humwona mtu aliyezeeka kabla ya uzee, mwenye miiko mingi na maneno machache. La kustaajabisha ni kwamba pande zote mbili, zitoapo ushahidi, hutaja mambo yale yale. Ili kufahamu sababu yake, yafaa kwanza kuwatazama wale waliomtangulia.

Baba wa katuni aliyefungua njia ya kuonyeshwa jioni, saa ambazo watu wazima hutazama, alikuwa Fred Flintstone. Mchezo wa The Flintstones, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera, ulianza kuonyeshwa na shirika la ABC tarehe 30 Septemba 1960, ukaisha mwaka 1966 baada ya vipindi 166. Fred aliishi katika zama za mawe zisizopata kuwako, akafanya kazi katika machimbo ya mawe. Lakini tabia zake zilitoka karibu zaidi. Zilifanana na za Ralph Kramden, dereva wa basi wa New York aliyeigizwa na Jackie Gleason katika The Honeymooners, mchezo wa mwaka 1955 na 1956. Fred alipiga kelele, akabuni hila za kupata fedha upesi, hila zikamgeukia, akarudi kwa mkewe Wilma akiwa mnyenyekevu. Mwaka 1963 alizaliwa binti yake Pebbles, na mtu mwenye sauti ya radi akawa mtumwa wa mtoto mchanga. Watazamaji walimcheka bila uchungu, maana ngurumo yake haikuwa na mvua.

Ufundi wa michezo hiyo nao una sehemu yake katika habari hii. Kuchora kila mwendo wa mwili kulikuwa na gharama isiyochukulika na televisheni. Kwa hiyo Hanna na Barbera walipunguza idadi ya picha. Kiwiliwili kilitulia, kichwa na kinywa vikasogea, na tai au ukosi shingoni ukaficha mahali vilipoungana. Umaskini huo wa mwendo uliutoa mzigo wa mchezo katika viungo ukautwika juu ya maneno na sauti. Mtu mtulivu, asimamaye mahali pamoja na kusema mambo ya kawaida, aliweza sasa kuwa shujaa wa katuni. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya mtu huyo kupatikana kwa ukamilifu wake.

Miaka ya 1960 iliondoka na utii wa watoto. Vita vya Vietnam, haki za watu weusi na haki za wanawake ziliingia nyumbani, zikaketi mezani wakati wa chakula. Mwaka 1971 mchezo wa waigizaji hai uitwao All in the Family, uliochukua mfano kwa mchezo wa Uingereza uitwao Till Death Us Do Part, ulimtoa Archie Bunker, mtu aliyepigana na zama zake akiwa juu ya kiti chake. Mwaka uliofuata Hanna na Barbera walichora ndugu yake mpole, Harry Boyle, katika Wait Till Your Father Gets Home, mchezo ulioonyeshwa toka mwaka 1972 mpaka 1974. Harry alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya mikahawa. Binti yake Alice alidai uhuru, mwanawe Chet hakutaka kazi, na jirani yake Ralph aliona adui Mkomunisti nyuma ya kila kichaka. Harry alisimama katikati, akishangaa pande zote. Jina la mchezo huo ni kitisho cha kale cha mama kwa mtoto mtukutu: ngoja baba yako arudi. Kichekesho chenyewe kilikuwa hiki, kwamba baba alirudi na hapana aliyeogopa.

Homer Simpson alileta jibu jingine. Matt Groening, aliyempa jina la baba yake mwenyewe, alimwonyesha kwanza mwaka 1987 katika vipande vifupi, kisha mchezo wake kamili wa The Simpsons ukaanza tarehe 17 Desemba 1989. Homer ni mlafi, ni mvivu, na hasira ikimpanda humkaba koo mwanawe Bart. Kwa kumfanya mpumbavu, waandishi walimtua baba mzigo wa kuheshimiwa. Asiye na heshima hawezi kuivunja. Wakuu wa nchi walichukizwa. Tarehe 27 Januari 1992 Rais George H. W. Bush, akihutubia watangazaji wa dini, alisema kwamba jamaa za Marekani zinapaswa kufanana zaidi na jamaa ya Walton, watu wema wa mchezo wa televisheni wa zamani, kuliko jamaa ya Simpson. Siku chache baadaye Bart alimjibu katika mchezo kwamba wao nao ni kama akina Walton, maana nao wanaomba dhiki ya uchumi iishe. Nchi ilicheka, lakini swali la rais halikujibiwa. Je, baba mwenye kuheshimika aweza bado kuchekesha?

Hapo ndipo Hank Hill alipoingia. Mike Judge, aliyesomea fizikia kabla ya kuwa mchoraji, na Greg Daniels, aliyewahi kuwaandikia akina Simpson, walimleta katika shirika la Fox tarehe 12 Januari 1997, Jumapili jioni, mara baada ya Homer kuondoka kwenye kioo. Tofauti ilionekana kwa jicho kabla ya kusikika kwa sikio. Watu wa Arlen hawana ngozi ya manjano wala macho ya mviringo kama mayai. Wana matumbo, miwani na vipara vya watu wa kawaida. Jioni Hank husimama na majirani zake watatu katika uchochoro nyuma ya nyumba, kila mmoja na kopo la bia mkononi, wakikaa kimya kitambo kirefu. Judge mwenyewe ndiye aliyempa Hank sauti yake.

Wampendao huanza na matendo. Hank huuza gesi ya propeni katika kampuni iitwayo Strickland Propane, naye huiona kazi hiyo kuwa amana. Bwana wake, Buck Strickland, ni mpenda kamari na anasa. Hank hufuta makosa yake bila kuyaiga. Binti wa shemeji yake, Luanne, alipokosa makao kwa ugomvi wa wazazi wake, Hank alinung'unika sana, kisha akampa chumba chake cha faragha. Hukata majani ya uani mwake kwa uangalifu wa mtu asafishaye msikiti au kanisa. Huamini kwamba chombo kilichoharibika hutengenezwa, hakitupwi. Na kwamba ahadi ni ahadi hata ikimtia hasara. Katika zama ambazo baba wa vichekesho alikuwa amekwisha kuwa mpumbavu, mtazamaji alifurahi kumwona baba mwenye akili timamu, afikaye kazini kwa saa yake na arudiye kwa mkewe Peggy.

Wasiompenda nao huanza na matendo hayo hayo. Mikono ile itengenezayo kila kitu haijui kumkumbatia mtoto. Mwanawe wa pekee, Bobby, ni mnene, mpole, mpenda nyimbo na vichekesho. Hana hamu ya mpira. Hank humtazama na kusema kwamba mtoto huyu hayuko sawa. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi hata yakawa kama alama ya mchezo, na watazamaji wengi wameyacheka. Lakini mtazamaji aliyekuwa mtoto wa namna hiyo, aliyesikia hukumu hiyo mlangoni kwa baba yake halisi, hana sababu ya kucheka. Kwake yeye Hank si mtu wa ajabu wa Texas. Ni baba anayemfahamu, na uadilifu wake ni ukuta usio na dirisha. Wengine humchoka kwa sababu nyepesi zaidi: mchezo ni wa polepole, na hofu yake ya kila jambo geni, toka chakula mpaka dawa, huwaudhi.

Watunzi wenyewe hawakuificha kesi hii. Waliiweka katika kipindi cha kwanza kabisa. Bobby anapigwa na mpira wa besiboli, jicho linavimba, Hank ana sauti kali dukani, uvumi unatembea, na afisa wa ustawi wa watoto anafika nyumbani akiamini kwamba baba anampiga mwanawe. Mwishoni tuhuma inaanguka, maana afisa hakuwauliza walioona mpira. Hank hana hatia ya kumpiga mtoto. Lakini katika kujitetea inadhihirika jambo lililo gumu kwake kuliko tuhuma yenyewe, yaani kumwambia mwanawe kwamba anampenda. Hatia moja imefutwa, upungufu mwingine umeandikwa.

Upungufu huo una chimbuko, na chimbuko lake ni Cotton Hill, baba wa Hank. Cotton alipigana na Wajapani katika Vita Vikuu vya pili, akapoteza mifupa ya miundi, miguu yake ikafupishwa. Alirudi na ukali usio na likizo. Humdharau Hank kwa udhaifu ambao hapana mwingine auonaye, na humwita Peggy mke wa Hank, kana kwamba hana jina. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Habari ya Hank Hill ni hoja ndefu ya kuipinga methali hiyo, au angalau ya kuipunguza makali. Hank hakupewa upole, naye hakuwa mkatili. Hakusifiwa hata mara moja, walakini huenda kutazama kila mchezo wa mwanawe. Alichoshindwa kukitoa ni kile ambacho hakupata kukiona kikitolewa.

Cotton alifariki katika kipindi kilichoonyeshwa mwaka 2007. Katika saa yake ya mwisho hakuwa na Hank. Alikuwa na Peggy, mkwe aliyemtukana miaka yote, na maneno waliyoambiana hayakuwa ya mapatano. Hank alipoingia, baba alikuwa amekwisha kufa. Peggy akamwambia uongo: akamtungia marehemu maneno mema ambayo hakuyasema. Katika historia ya katuni za Marekani ni vigumu kupata tukio zito kuliko hili. Neno ambalo mwana alilingoja maisha yake yote lilimfikia kwa sauti ya mwingine, nalo halikuwa kweli. Mtazamaji ajuaye ukweli hubaki na siri hiyo badala ya Hank, na kuanzia hapo hawezi kumchukia kwa moyo mwepesi.

Mchezo ulifika tamati katika shirika la Fox tarehe 13 Septemba 2009, katika msimu wake wa 13. Katika kipindi hicho Bobby anagundulika kuwa na kipaji cha kutambua ubora wa nyama, naye Hank, ambaye ibada yake ya nyumbani ni kuchoma nyama kwa gesi, anaona kwa mara ya kwanza mlango ulio wazi kati yake na mwanawe. Wanasimama wote wawili mbele ya jiko. Hapana hotuba. Wapenzi wake walisema kwamba upendo umeonekana. Wapinzani walisema kwamba mtoto amependwa siku aliyofanana na baba. Maneno yote mawili ni ya kweli, na ndiyo maana kesi haikufungwa.

Tatizo la katuni ni kwamba watu wake hawazeeki. Bobby alibaki mtoto miaka zaidi ya kumi, na baba ambaye mwanawe hakui hawezi kuhukumiwa, maana malezi hupimwa kwa mtu mzima. Tarehe 4 Agosti 2025 mchezo ulirudi katika Hulu, na safari hii miaka iliruhusiwa kupita. Hank na Peggy wamerejea Arlen kutoka Saudi Arabia, ambako Hank alifanya kazi ya gesi. Bobby ni kijana wa miaka 21, mpishi mwenye mkahawa Dallas. Hakuwa askari wala mchezaji mpira. Amekuwa mtu mchangamfu, mwenye bidii katika kazi, aonaye haya kuwapa watu chakula kibaya. Uchangamfu huo hakuupata kwa baba. Haya ile, ya mtu atoaye bidhaa duni, ni ya Hank tupu.

Hapo mizani yaweza kushikwa. Wamchukiao wana haki katika jambo moja: mtoto hushiba kwa neno pia, na Hank alimwacha mwanawe na njaa hiyo. Wampendao wana haki katika jingine: mtu hupimwa kwa kile alichotoa, na pia kwa kile alichopewa kabla ya kutoa. Cotton alimwachia Hank deni. Hank alilipa nusu yake kwa matendo, akazuia nusu iliyobaki isiongezeke. Nusu hiyo imemfikia Bobby, ambaye ulimi wake ni mwepesi, na yamkini ndiye atakayeimaliza. Mtazamaji ampendaye Hank aghalabu amekwisha kumsamehe baba yake mwenyewe; asiyempenda bado anangoja neno. Wala haifai kumharakisha.