Tauni Ilipita, Watu Wakasomea Sheria

Askofu William wa Wykeham alipoanzisha New College mjini Oxford mwaka 1379, aliwahesabu wanafunzi wake kichwa kwa kichwa. Wawe 70. Kati yao 20 wasome sheria: 10 sheria za Kanisa, 10 sheria za Kirumi. Wale 50 waliobaki waanzie falsafa, kisha wapande hadi teolojia. Ila wawili katika hao 50 waliruhusiwa kugeukia utabibu, na wawili wengine falaki.

Watabibu wawili! Na hii ni nchi iliyopoteza kati ya theluthi na nusu ya watu wake katika tauni ya 1348 na 1349, ikaipata tena 1361, na tena 1369. Wykeham hakuwa amesahau. Katika hati za chuo anaitaja tauni, pamoja na vita, kuwa ndiyo iliyowapunguza makasisi hata akaamua kutoa mali yake. Basi tu pengo alilolitazama yeye lilikuwa altareni, si kando ya kitanda cha mgonjwa.

Njia hiyo ilikuwa imeshakanyagwa Cambridge. William Bateman, askofu wa Norwich, alikuwa mwanasheria, mtu wa safari za Avignon, alikokaa Papa wakati huo. Dayosisi yake iliumia vibaya, parokia zikabaki hazina mapadri wa kuziba nafasi. Mwaka 1349 Papa Clement VI akamruhusu kuwapa upadri vijana 60 wa miaka 21, ambao kwa kawaida wangeambiwa wasubiri umri. Miezi michache baadaye, Januari 1350, Bateman akaanzisha Trinity Hall, chuo cha sheria tupu.

Kwa nini sheria? Mkalishe askofu mezani kwake. Kila aliyezikwa ameacha shamba, mjane, deni, pengine wosia, na mashauri ya wosia yalisikilizwa katika mahakama za Kanisa. Mrithi naye anakufa kabla urithi haujagawanywa, na mrithi wa mrithi anagombana na shemeji. Kila parokia iliyo wazi inataka hati ya kumweka paroko mpya, na huyo akifa, hati nyingine. Tauni ilikuwa imewamaliza watu na kurundika makaratasi, au tuseme ngozi, maana ndizo walizoandikia.

Mwaka 1352, humo humo Cambridge, vyama viwili vya wenyeji, wala si askofu wala mfalme, vilianzisha chuo cha Corpus Christi. Wenyeji hao walikuwa na haja yao: mapadri wasomi wa kuwaombea ndugu zao waliokufa.

Tiba nayo ilikuwa imeingia doa. Oktoba 1348 kitivo cha tiba cha Paris, kilipoulizwa na Mfalme Philip VI, kilijibu kwamba chanzo cha mbali cha maradhi ni kukutana kwa Zohali, Mshtarii na Mirihi katika kundi la nyota la Ndoo mwezi Machi 1345, hewa ikaharibika. Ukisoma hivyo, hushangai tena kuona utabibu na falaki vikipewa nafasi sawasawa Oxford. Lakini tusiwacheke. Gentile da Foligno, mmoja wa mabingwa wakubwa wa tiba Italia, alifariki Juni 1348 akiwa bado anahudumia wagonjwa.

Ukitoka huko ukaja 2020, wakati wa janga la korona, unaona watu wamegeuza njia. Marekani, walioomba kuanza udaktari mwaka 2021 waliongezeka kwa takriban asilimia 18, wakapita 62,000, na wengine wakaiita hali hiyo athari ya Fauci, kwa jina la daktari aliyekuwa kwenye televisheni mara kwa mara. Uingereza, maombi ya kusomea uuguzi yalipanda kwa karibu theluthi ilipofika Februari 2021. Safari hii kijana alikimbilia wodini.

Alikimbilia, ndiyo, ila kuomba si kuingia. Vyuo vya udaktari vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya wasiofika 23,000 mwaka huo. Na vyuo vya jamii, vya ada nafuu, ambako mtoto wa mfanyakazi husomea uuguzi au ufundi, vilikuwa vimepoteza karibu mmoja kati ya kila wanafunzi kumi katika msimu wa vuli wa 2020, kwa kuwa nyumbani kazi ilikuwa imekatika. Mwaka 2022 waombaji wa udaktari wakapungua tena, wakarudi kwenye 55,000 hivi. Kwa hiyo mimi takwimu za maombi huzisoma kama kipimajoto cha hofu na heshima. Udahili ni hesabu nyingine, ya nani amelipia kitanda, kiti na mwalimu.

Bateman aliijua hesabu hiyo. Alikusudia Trinity Hall iwe na wanazuoni 20, wote kwa wakfu wake. Alipofia Avignon mwaka 1355, hawakuwa wametimia hata nusu.