Chuo Kabla ya Chuo: Mafunzo ya Uigizaji Kutoka Beni ya Tanga Hadi Bagamoyo

Katika lugha ya pwani, neno chuo lina umri mkubwa kuliko vyuo vyenyewe. Mzee wa Pangani alipouliza mtoto yuko wapi akajibiwa kuwa yuko chuoni, alielewa kwamba mtoto ameketi mkekani mbele ya mwalimu, akisoma Qurani kwa sauti. Chuo kilikuwa kitabu. Kisha kikawa mahali kitabu kinaposomwa. Na siku za karibuni tu ndipo kilipokuwa majengo yenye msajili, mitihani na vyeti. Mwenye kutaka kuijua historia ya mafunzo ya uigizaji katika pwani ya kaskazini ya Tanzania hana budi kuyakumbuka mabadiliko hayo ya maana, kwa sababu sanaa hiyo nayo imepitia njia ile ile: ilifundishwa zamani kabla ya kupewa jengo, na ilikuwa na walimu kabla ya kuwa na cheti.

Huko Marekani na Ulaya ni jambo la kawaida vyuo kufungua mafunzo mafupi ya uigizaji wakati wa kiangazi. Kijana ambaye hajawahi kukanyaga jukwaa hufundishwa kupumua, kutamka, kutembea, kumsikiliza mwenziwe, na kusimama mbele ya kamera. Na mwishoni huhesabiwa yuniti zinazoingia katika shahada yake. Pwani haina kiangazi cha namna hiyo. Ina kaskazi na kusi, ina masika na vuli. Hata hivyo wazo lenyewe si geni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakitumia sehemu ya likizo yao ndefu, kusi likivuma, kufanya mafunzo kwa vitendo yanayohesabiwa katika masomo yao. Na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hutoa kozi fupi kando ya zile ndefu za cheti na stashahada. Basi swali la kuulizwa si kama sanaa hii yaweza kufundishwa na kuhesabiwa. Swali ni hili: kabla ya kuwapo yuniti, ni nani aliyekuwa akimfundisha mwigizaji wa pwani, na deni lake limelipwa kwa hesabu gani?

Jibu la kwanza liko katika ngoma ya beni. Ngoma hiyo ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikateremka kusini, na Tanga ikawa miongoni mwa miji iliyoishika kwa nguvu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vyama viwili vya Marini na Arinoti vilikuwa vimekwisha kuwa na wafuasi humo. Tanga ilikuwa na bandari, reli, na shule ya serikali ya Wajerumani iliyofunguliwa katika miaka ya 1890, ambako vijana walifundishwa ukarani na ualimu, na pia kupiga tarumbeta katika bendi. Mambo hayo yote yaliingia katika beni. Wanachama walipeana vyeo: kulikuwa na mfalme, majemadari, madaktari, makarani. Walishona sare, wakajifunza gwaride, wakaandikiana barua za kirasmi, wakashindana kwa mavazi na kwa maneno.

Mtu aweza kuyaita hayo mchezo wa kuwaiga watawala, na waandishi wengi wameyaita hivyo. Lakini yatazame kwa jicho la mwalimu wa jukwaa. Kuli aliyeshinda bandarini akibeba magunia, jioni alivaa koti lenye vifungo vya shaba, akabadili mwendo wake, akabadili sauti yake, akatoa amri, na wenzake wakampigia saluti kana kwamba ni jemadari kweli. Hakufanya hivyo usiku mmoja. Alifanya miaka na miaka, akisahihishwa na waliomtangulia na kuchekwa na mahasimu wake alipokosea. Kuushika mwili wa mtu mwingine na kuuvaa mbele ya hadhira isiyo na huruma ndiyo somo la kwanza katika kila kozi ya uigizaji duniani. Tanga ililifundisha uwanjani.

Jibu la pili liko katika taarabu. Huko Unguja, katika miaka ya 1920 na 1930, baraza la Siti binti Saad mtaani Ng'ambo halikuwa la nyimbo peke yake. Baada ya nyimbo yaliweza kufuata maigizo mafupi ya kuchekesha, yaliyoitwa natiki, ambayo hayakuandikwa popote. Wasanii waliyatunga papo hapo kutokana na visa vya mtaani vilivyojulikana na kila aliyekuwapo. Si jambo dogo kwamba maisha ya Siti yaliandikwa na mtu wa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Bahari iliyo kati ya Unguja na Tanga haikuwa mpaka, bali ilikuwa barabara. Nyimbo, maneno na mizaha vilivuka pamoja na abiria.

Kutokana na mila hiyo kichekesho kikapata kikao chake maalumu, yaani mchezo mfupi unaowekwa kati ya nyimbo katika hafla ya taarabu, wapigaji wakipumzika. Aliyekielewa vizuri kuliko wengi ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, ambaye mchezo wake wa mwanzo, Alikiona, umejengwa juu ya umbo hilo la kichekesho cha taarabu. Hapa pana funzo la kuzingatiwa. Mwandishi aliyekuja kuandika Kinjeketile mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971, na ambaye baadaye alisomea udaktari Berlin, hakuanza kwa kuazima umbo kutoka ng'ambo peke yake. Alianza na kile ambacho shangazi na mama za watu walikuwa wakikicheza katika hafla zao bila kukiita tamthilia.

Jibu la tatu ni ushairi, na wapenzi wa ushairi hawatashangaa kulisikia. Mghani wa utenzi hujifunza mahali pa kuvuta pumzi, namna ya kuubeba mshororo mrefu bila kuuvunja, na namna ya kulipa neno la mwisho uzito wake. Mtoto wa chuoni naye, bila nia yoyote ya kuigiza, hasha, hulelewa katika matamshi safi na katika heshima ya herufi. Baada ya uhuru mambo hayo yaliingia jukwaani waziwazi kwa njia ya ngonjera, majibizano ya kishairi yaliyoenezwa na Mathias Mnyampala, ambayo shule nyingi ziliyakariri na kuyacheza baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mtoto aliyesimama mbele ya wageni akabishana na mwenziwe kwa vina na mizani alikuwa katika darasa la uigizaji, ijapokuwa ratiba ya shule iliandika kitu kingine.

Wafasiri nao walichangia. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, ikachapishwa mwaka 1963 na kurudiwa kwa masahihisho mwaka 1969, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kazi hizo zilikuwa na faida ambayo husahaulika: zilimpa mwigizaji wa Kiswahili hotuba ndefu. Kichekesho humfundisha mchezaji wepesi wa jibu; hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari humfundisha kupanda polepole, kuificha hasira ndani ya adabu, na kuugeuza umati neno kwa neno. Shule ya mwigizaji ilihitaji yote mawili.

Filamu ilifika mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1952 ilitengenezwa Dar es Salaam filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, kijana aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Wakati huo hapakuwa na chuo cha uigizaji nchini. Watu waliingia mbele ya kamera na kile walichokuwa nacho: sauti, uso, na ujasiri wa kusimama mbele ya watu.

Elimu ya chuo ilikuja kwa hatua. Serikali ya uhuru ilianza na vikundi vya taifa: ngoma kwanza, kisha sarakasi, ambayo vijana wake walipelekwa Uchina katika miaka ya 1960, na baadaye maigizo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam masomo ya sanaa za maonyesho yalianza miaka hiyo hiyo ya 1960, na humo wakalelewa akina Penina Muhando, mwandishi wa Hatia ya mwaka 1972, na Amandina Lihamba, mwandishi wa Hawala ya Fedha ya mwaka 1980, aliyeonekana pia katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikasimama Bagamoyo. Mwaka uliofuata likaanza tamasha la kila mwaka, ambapo wanafunzi huonyesha walichojifunza mbele ya watu wa mji na wageni. Jengo lake kubwa la maonyesho liliteketea kwa moto mwaka 2002. Likajengwa tena, na tamasha halikufa. Mwaka 2007 chuo kikawa taasisi, maarufu kwa jina la TaSUBa.

Uteuzi wa Bagamoyo una maana yake. Mji ule ulikuwa mwisho wa njia ya misafara na ulipata kuwa makao ya utawala wa Wajerumani. Watu wa bara walifika hapo wakiwa wamechoka, na wengi hawakurudi kwao. Kukusanya hapo ngoma za nchi nzima kulikuwa kama kuigeuza njia ile, sanaa za bara ziteremke pwani kwa hiari na heshima. Mmoja wa walimu wa chuo hicho alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo, bingwa wa zeze na marimba, aliyefariki mwaka 2003. Yeye hakupata ualimu wake kwa shahada. Aliupata kwa vidole na koo, na chuo kikawa na busara ya kumweka mbele ya darasa.

Busara hiyo ndiyo iliyomo hatarini kila mafunzo yanapopangwa kwa yuniti. Cheti kina haki yake: humfungulia kijana mlango wa ajira, humkinga na wadanganyifu, humpa mzazi hakika kwamba mwanawe hapotezi miaka. Lakini cheti huhesabu kile kinachoweza kuandikwa, na mengi ya sanaa ya pwani hayakuandikwa.

Mfano ulio wazi ni wa mtu wa Tanga, Amri Athuman, aliyejulikana na taifa zima kwa jina la King Majuto. Alizaliwa mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto, akapita katika vikundi vya jukwaani, na uzeeni akawa uso uliozoeleka katika filamu za video, hadi alipofariki Agosti 2018. Tazama alivyokuwa akinyamaza kabla ya kujibu. Tazama alivyomwacha mwenziwe amalize uongo wake kwanza. Wakati ule wa ukimya, ambao mwalimu wa kigeni angehitaji juma zima kuueleza, yeye aliupata kwa hadhira, jioni baada ya jioni. Hakuna msajili aliyepata kuuhesabu.

Kizazi cha runinga nacho kililelewa hivyo kwa sehemu kubwa. Kundi la Kaole la Dar es Salaam, lenye jina moja na magofu yaliyo jirani na Bagamoyo, lilikuwa darasa la Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, na la wenzake wengi waliotangulia katika filamu za Kiswahili. Walijifunza kazini, wiki hata wiki, kosa likionekana na nchi nzima.

Haifai kuhitimisha kwamba chuo hakina kazi. Vikundi na mabaraza viliwafundisha watu, lakini viliwasahau pia. Majina ya wanawake waliocheza natiki na vichekesho yamepotea kwa wingi, kwa sababu hapakuwa na daftari la kuyaandika. Jemadari wa beni alirudi kuwa kuli asubuhi yake, na ujuzi wake ukafa naye. Laiti pangekuwa na chuo cha kuupokea, Tanga leo ingekuwa na maktaba ya miili na sauti, si kumbukumbu za vipande vipande.

Haki basi iko katikati. Kozi fupi ya miezi miwili ikifanyika Tanga au Bagamoyo wakati wa likizo, na imwite mwimbaji mzee wa taarabu aje aeleze kichekesho kilikaaje kati ya wimbo na wimbo. Imwite mghani afundishe pumzi. Iwatume wanafunzi Ngamiani wakasikilize watu wanavyobishana dukani kabla ya kuwapa mswada. Yuniti itolewe kwa mwanafunzi, na ujira na jina viandikwe kwa mwalimu huyo asiye na cheti. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo haikusema anayetunzwa awe na stashahada. Ilisema tu kwamba awe amecheza, na kwamba waliomtazama wawe na adabu ya kutoa tuzo.