Kikuza Sauti cha Sinema: Kifaa na Jina Lake

Kikuza sauti cha sinema ni mashine ya umeme inayokaa kati ya runinga, deki na spika za sebuleni. Hupokea picha na sauti kutoka kwenye deki ya DVD, king'amuzi, kompyuta au mashine ya michezo. Picha huipitisha hadi kwenye runinga. Sauti huichambua katika mikondo yake, kisha huipa mikondo mikuu nguvu ya kutosha kusukuma spika. Kwa Kiingereza huitwa AV receiver, na madukani jina hilo limefupishwa kuwa risiva. Aina inayozingatiwa hapa ni ile ya bei nafuu, yenye mikondo mitano na mmoja wa besi, kwa kuwa ndiyo wengi huanza nayo. Maoni ya wenye nayo yana manufaa makubwa kwa mwanaistilahi, kwani yanaonyesha ni kazi ipi ya mashine inayomgusa mtumiaji kila siku, na kwa hiyo jina linapaswa kufuata kazi ipi.

Maana ya jina la Kiingereza ni kipokezi, na lilipoanza lilikuwa sahihi kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpenda muziki wa Marekani aliyetaka sauti safi alinunua sanduku la redio peke yake na la amplifaya peke yake, kisha akayaunganisha kwa waya. Mwaka 1954 kampuni ya Harman Kardon ilitoa Festival D1000, iliyoweka vyote ndani ya sanduku moja. Baada ya Marekani kuidhinisha matangazo ya FM ya stirio mwaka 1961, masanduku ya namna hiyo yalienea, na katika miaka ya 1970 Pioneer, Sansui, Marantz na Kenwood walishindana kutengeneza makubwa na mazito zaidi, yenye kioo kipana cha kutafutia stesheni kikiwaka kwa mbele. Redio ndiyo iliyokuwa fahari ya mashine, na uwezo wake wa kukamata stesheni za mbali ulithaminiwa.

Filamu ndizo zilizoibadili mashine hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Dolby iliingiza kwenye majumba ya sinema mbinu ya kukunja mikondo minne ya sauti ndani ya njia mbili tu za mkanda wa filamu. Mwaka 1982 mbinu hiyo ilifika majumbani kupitia kanda za video kwa jina la Dolby Surround, na mwaka 1987 ikaboreshwa kuwa Pro Logic. Tangu hapo mashine ilidaiwa kazi mpya ya kuikunjua sauti iliyokunjwa na kuigawa kwa spika za mbele, za katikati na za nyuma. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, ilileta mikondo sita, kila mmoja ukiwa umerekodiwa peke yake. Mitano hubeba sauti kamili, na wa sita hubeba besi tu, hadi kama hezi 120, ilhali mingine hufika hezi 20,000. Ndiyo sababu mpangilio huo huandikwa 5.1. Kiwango cha HDMI, kilichotolewa mwishoni mwa 2002, kikaongeza picha ndani ya waya uleule wa sauti. Redio haikuondolewa, ila ilipungua hadi kuwa kijisehemu kidogo kwenye bodi, na jina likabaki lilelile.

Leo, basi, mashine hii ina kazi nne: kupokea mawimbi ya redio, kuchagua chanzo cha picha na sauti, kung'amua sauti iliyosimbwa, na kuikuza. Anayefungua mfuniko wake ataona mara moja uzito umelala wapi. Transfoma, kapasita kubwa na bamba la alumini la kupoozea joto vinachukua sehemu kubwa ya sanduku, na vyote ni vya kukuza. Bodi ya kung'amua na ya HDMI hufuata. Redio ni lazima itafutwe.

Kwa Kiswahili kifaa hiki kina majina kadhaa, na kila moja lina mgogoro wake. Risiva lingefaa, lakini kwa watu wengi wa Tanzania na Kenya risiva ni ile ya dishi la setilaiti. Mtu akiitaja dukani huletewa kisanduku cha kupokea chaneli za angani. King'amuzi lilienea sana wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali, uhamiaji ambao Tanzania iliuanza kwa kuzima mitambo ya analojia ya Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012. Ni istilahi nzuri mno, iliyotokana na kitenzi cha Waswahili wenyewe na kukubalika na umma bila shurti, na kwa sababu hiyo hiyo imeshika mahali pake na haipaswi kutikiswa. Redio, katika nyumba nyingi, ni chombo chochote kinachotoa muziki. Sabufa, kwa Watanzania, si tena spika ya besi peke yake: ni seti nzima ya sanduku la besi lenye amplifaya ndani yake pamoja na vispika vidogo. Hom thieta nalo hutumika kwa seti inayouzwa pamoja na spika zake, ambayo mnunuzi hawezi kubadilisha kipande kimoja bila kutupa kingine. Kifaa kinachoelezwa hapa huuzwa bila spika, na kwa mnunuzi tofauti hiyo ni kubwa.

Maoni mengi ya wenye nacho yanahusu ukuzaji. Sifa ya kwanza wanayoitaja waliotoka kwenye spika za runinga au kwenye sabufa ni kwamba mazungumzo ya filamu yanasikika. Sababu yake ni ya kiufundi: katika mpangilio wa 5.1 maneno ya waigizaji huwekwa zaidi kwenye mkondo wa katikati, nao hupewa spika yake mwenyewe chini ya kioo, na mwenye mashine anaweza kuupandisha bila kupandisha milio ya risasi na muziki. Kwa mzee mwenye usikivu uliopungua, hilo peke yake linatosha kuhalalisha bei.

Lalamiko linalokabiliana na sifa hiyo ni kuhusu wati. Sandukuni huandikwa tarakimu kubwa, na mnunuzi akifika nyumbani haisikii tofauti aliyotarajia. Hapa mtumiaji anastahili maelezo kamili. Yamaha RX-V385, mashine ya 5.1 inayojulikana sana katika daraja hili, imepimwa wati 70 kwa kila mkondo, mikondo miwili ikifanya kazi, kwa spika za omu 6, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na upotoshaji wa asilimia 0.09. Kila sehemu ya maelezo hayo ina maana. Mashine ileile ikipimwa kwa mkondo mmoja tu, kwa hezi 1,000 pekee, na upotoshaji ukaachwa ufike asilimia 10, itatoa tarakimu kubwa zaidi, na hiyo kubwa ndiyo hupendwa na watangazaji. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitunga kanuni ya vipimo vya amplifaya mwaka 1974 kwa sababu ya mchezo huo. Zaidi ya hapo, mikondo yote mitano hunywa kwenye transfoma moja. Mikondo miwili ikipata wati 70 kila mmoja, haifuati kwamba mitano itazipata kwa pamoja.

Hata hivyo, anayehuzunika kwamba amepata wati 70 badala ya 100 amepoteza kidogo sana. Nguvu ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua bila kushangaa. Kutoka wati 70 hadi 100 ni desibeli moja na nusu hivi. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inahitaji kuongezeka karibu mara kumi. Kinachobadilisha mambo zaidi ni spika: yenye wepesi wa desibeli 90 kwa wati moja, kwa umbali wa mita moja, inafikia kwa nusu ya nguvu kile ambacho yenye 87 inakifikia. Ushauri wa mafundi wa kutumia fedha nyingi kwenye spika na kidogo kwenye mashine una msingi huo.

Joto nalo hutajwa mara kwa mara. Ukuzaji wa namna inayotumika katika mashine hizi hupoteza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na sanduku likifungiwa ndani ya kabati la runinga, au likifunikwa kitambaa cha kufuma kama ilivyo desturi ya sebule nyingi, hujizima lenyewe ili kujilinda. Hujizima pia pale nyuzi za waya wa spika zinapogusana. Wengi huliita jambo hilo kuharibika, ilhali ni kinga inayofanya kazi yake. Wanacholalamikia kwa haki ni vibanio vidogo vya kubana waya wa spika, ambavyo katika mashine nyingi za bei ya chini huwekwa badala ya skrubu, na havipokei waya mnene.

Kwa upande wa kung'amua, wenye mashine za 5.1 huridhika na filamu za kawaida, kisha wengine hujuta baadaye kwamba hazisomi Dolby Atmos, mfumo ulioingia majumba ya sinema mwaka 2012 na majumbani mwaka 2014, unaoongeza sauti za juu ya kichwa. Majuto hayo hayana uzito katika chumba cha kawaida ambacho hakitawekwa spika darini. Jambo lenye faida zaidi ni upimaji wa chumba. Mashine huja na maikrofoni ndogo ya kuwekwa mahali pa kukalia. Spika hutoa milio ya majaribio, na mashine hukadiria umbali na ukubwa wa kila moja. Sauti husafiri mita moja kwa takribani milisekunde 3, kwa hiyo spika iliyo karibu hucheleweshwa kidogo ili zote zimfikie msikilizaji kwa wakati mmoja. Katika vyumba vya ukuta wa tofali na sakafu ya vigae, ambamo mwangwi ni mwingi, upimaji huo husaidia, ingawa zulia na pazia zito husaidia zaidi.

Kuchagua chanzo ndiko kunakoleta hasira nyingi: picha inayokataa kutokea, au sauti inayokatika mtu anapobadilisha kutoka king'amuzi kwenda kwenye deki. Vifaa vya HDMI hupeana taarifa na ruhusa kabla ya kupitisha picha, na mazungumzo hayo hukwama kimoja kikiwa cha kizazi cha zamani au waya ukiwa mbovu. Kuzima vyote na kuviwasha kwa zamu, runinga kwanza, mara nyingi hutatua.

Kuhusu kupokea, maoni ni machache sana. Wengi hawajawahi kuunganisha antena ya FM. Mwenye la kulalamikia ni aliyenunua mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani: redio zake hukomea chini ya megahezi 108, kama zile za magari yanayoingizwa kutoka huko, na umeme wake ni wa volti 100. Ya Marekani ni ya volti 120. Yoyote kati ya hizo ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya bila transfoma ya kupunguza, itaungua siku hiyo hiyo. Bandiko la nyuma lisomwe kabla ya kulipa.

Ikiwa kazi ya kupokea ndiyo inayojaliwa na watu wachache kuliko zote, hakuna sababu ya Kiswahili kuifanya msingi wa jina. Hata watengenezaji wamelegeza kamba: Denon imekuwa ikiandika AVC badala ya AVR kwenye mashine zake kadhaa zisizo na redio kabisa, ilhali kazi nyingine zote ni zilezile. Kitenzi kinachofaa ni kukuza. Kupaza kungekaribia, lakini kipaza sauti tayari kinabeba maana mbili, ya maikrofoni na ya spika, na kukibebesha ya tatu ni kuwaonea wasomaji. Kikuza sauti kimo tayari katika matumizi kwa amplifaya, kinafuata muundo uliozoeleka wa kipima joto na kifungua kopo, na kukiongezea cha sinema kunakitenga na vikuza sauti vya muziki na vya mikutano. Wingi wake ni vikuza sauti vya sinema. Fundi atasema amplifaya ya sinema, na hakuna ubaya. Maneno hayo mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja. Tarakimu ifuate jina: kikuza sauti cha sinema cha mikondo 5.1, kisomwe mitano nukta moja.

Kipokezi kibaki kwa mashine za stirio za miaka ya 1960 na 1970 na warithi wake wachache, ambazo redio ndiyo nusu ya thamani yake na hazina cha kung'amua wala tundu la picha.