Mazulia ya wahamaji: Lijue la kwenu kabla hujaliuza

Katika baadhi ya nyumba za kale za Mombasa, Lamu na kwingineko hapa pwani bado kuna zulia la sufu ambalo limekaa hapo tangu enzi za babu. Ukiuliza lilikotoka utaambiwa, "Hilo ni la Shirazi, lilikuja na majahazi." Basi, habari yake imekwisha hapo. Likianza kuliwa na nondo pembeni, vijana wa nyumba huliona takataka. Hukunjwa likatiwa stoo, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mnunuzi apitaye mlango kwa mlango, ambaye mara nyingi analijua zulia lile kuliko wenyewe.

Makala haya yanaeleza mazulia ya mkono yafumwayo na makabila ya wahamaji ni yapi, nani huyafuma, na namna ya kuyatambua. Mwenye kujua alicho nacho hadanganyiki kwa urahisi.

Zulia la fundo ni nini?

Mkeka wetu husukwa kwa miyaa: mwanamke husuka ukili, kisha ukili hushonwa. Zulia la fundo ni kazi nyingine kabisa. Kwanza hutandazwa nyuzi za urefu, yaani mtande, zikavutwa zikakazika kwenye kitanda cha mfumi. Mfumaji huchukua kipande kifupi cha uzi wa sufu, akakifunga juu ya nyuzi mbili za mtande, akakikata. Hilo ni fundo moja. Akimaliza safu nzima ya mafundo hupitisha uzi wa kukata, yaani mshindio, kisha huushindilia kwa kitana kizito. Ncha za mafundo zilizosimama ndizo yale manyoya tunayoyakanyaga. Likikosa mafundo, likawa ni mtande na mshindio pekee, hilo huitwa kilimu.

Kuna aina mbili kuu za fundo. Lile liitwalo la Kituruki huzunguka nyuzi zote mbili za mtande. La Kiajemi huzunguka uzi mmoja tu na kupita nyuma ya wa pili. Majina haya yasikupoteze, kwani wako wafumaji wa Uajemi wafungao fundo la Kituruki.

Ili kuipima kazi yenyewe, chukua zulia la mita 2 kwa mita 1 na nusu. Likiwa na mafundo 15 katika kila sentimita moja ya mraba, jumla ni mafundo 450,000. Mwanamke anayefunga mafundo 5,000 kwa siku atahitaji siku 90 bila kupumzika hata siku moja. Na mwanamke wa kihamaji hana siku ya kufuma tu. Ana maji ya kuteka, mkate wa kuoka, mifugo ya kukama na watoto wa kulea.

Ufundi huu ni wa zamani mno. Zulia kongwe kuliko yote yaliyopatikana likiwa karibu zima lilifukuliwa mwaka 1949 na mwanaakiolojia wa Kirusi, Sergei Rudenko, katika kaburi la Pazyryk kwenye milima ya Altai, Siberia. Barafu ililihifadhi kwa zaidi ya miaka 2,000. Lina upana wa karibu mita 2 kila upande, na juu yake wamo wapanda farasi na paa wenye pembe pana. Wanazuoni bado wanabishana lilifumwa wapi, lakini ukweli kwamba lilizikwa na watu waliokuwa wakihama na farasi wao haubishaniwi. Leo liko katika jumba la makumbusho la Hermitage, mjini St Petersburg.

Wakashkai, wenye zulia la "Shirazi"

Katika mkoa wa Fars, kusini magharibi mwa Iran, wako Wakashkai. Si Waajemi kwa lugha, kwani husema Kituruki. Ni muungano wa makabila, yakiwemo Amaleh, Darreh-Shuri, Kashkuli, Farsimadan na Shesh Boluki. Kwa karne kadhaa maisha yao yalikwenda na majira. Msimu wa baridi walishuka na kondoo na mbuzi wao kwenye nchi ya joto inayoelekea Ghuba. Joto likianza walipanda tena hadi malisho ya milima ya Zagros, kaskazini ya Shirazi. Huo ni mwendo wa mamia ya kilomita kwenda, na mamia mengine kurudi.

Zulia lao lilitokana na maisha hayo. Kitanda chao cha mfumi hulala chini, mtande ukiwa umevutwa kati ya magogo mawili yaliyozuiliwa na vigingi. Wakati wa kuhama ukifika, vigingi hung'olewa, kazi ambayo haijaisha hukunjwa pamoja na magogo yake, ikabebwa na mnyama, na kutandazwa tena kwenye kambi mpya. Ndiyo maana mazulia mengi ya wahamaji si makubwa sana, na ndiyo maana mengine yamepinda kidogo, upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine. Kitanda kilichong'olewa na kupigwa tena hakiwezi kuvuta nyuzi sawasawa.

Wanaume hukata sufu ya kondoo na kutengeneza kitanda cha mfumi. Kazi iliyobaki, ya kusokota, kutia rangi, kuchagua nakshi na kufuma, ni ya wanawake. Rangi zilitoka kwenye mimea: nyekundu kwa mizizi ya mmea uitwao runasi, buluu kwa nili, kahawia kwa maganda ya jozi, na maganda ya komamanga nayo yalikuwa na kazi yake. Sufu huchemshwa kwanza kwa shabu ili rangi ishike.

Karakana za mijini hufuma kwa kufuata mchoro uliopigwa kwenye karatasi, fundo kwa fundo. Mwanamke wa Kikashkai hana karatasi. Nakshi anazo kichwani, amezitwaa kwa mamake na nyanyake, naye huongeza lake: kuku hapa, mbuzi pale, ua dogo mahali palipobaki wazi. Kwa hiyo huwezi kupata mazulia mawili yaliyo sawa, hata ya mkono mmoja.

Wala hawakufuma vya kutandika chini pekee. Walifuma shogi za kubebea mizigo, vifuniko vya farasi, mifuko ya chumvi na mapambo ya hema. Wana pia zulia zito la manyoya marefu liitwalo gabbeh, ambalo zamani lilikuwa la kulalia kwenye baridi na halikuhesabiwa kuwa la kuuza. Mwaka 1996 mwongozaji Mohsen Makhmalbaf alitoa filamu yenye jina hilo hilo, iliyochezwa miongoni mwa wahamaji hao, na leo gabbeh hutafutwa sana Ulaya.

Jina la soko silo jina la mfumaji

Sasa turudi kwa lile la "Shirazi". Shirazi ulikuwa ndio mji wa soko. Wakashkai, na jirani zao Waluri na Wakhamse (muungano wa makabila matano, kama jina lenyewe lisemavyo), walishusha mazulia yao huko. Mfanyabiashara aliyeyanunua aliyaita ya Shirazi, na jina likasafiri nayo hadi ng'ambo. Jina la mwanamke aliyekesha akifunga mafundo halikusafiri.

Mambo ni hayo hayo kwingine. Mazulia mekundu yenye maumbo ya pembe nane yaliyopangwa safu kwa safu hujulikana madukani kama ya "Bukhara". Bukhara ni mji wa soko tu. Wafumaji ni Waturkmeni, hasa kabila la Tekke na jamaa zao. Umbo lile huitwa gul, na kila kabila kubwa lilikuwa na lake. Taifa la Turkmenistan limeweka nakshi tano za mazulia kwenye bendera yake.

Watu wa Mombasa watauliza pia habari za zulia la Kibulushi, kwa kuwa Wabulushi ni jirani na wakwe zetu. Mazulia yenye jina hilo, ya rangi nyekundu iliyoiva na buluu ya usiku, mengi hufumwa Khorasan, kaskazini mashariki mwa Iran, na magharibi mwa Afghanistan. Wazee wa Wabulushi wengi wa huku walitoka Makrani, pwani ya kusini, mamia ya kilomita kutoka huko. Basi mtu asiseme zulia la Kibulushi ni la ukoo wake kwa sababu ya jina tu. Hali kadhalika, zulia la Shirazi ndani ya nyumba si ushahidi wa nasaba ya Kishirazi. Ni ushahidi wa biashara.

Yalivyofika huku

Na biashara hiyo ilikuwa kubwa. Kaskazi ilipovuma, majahazi ya Ghuba yalitia nanga Lamu, Bandari ya Kale ya Mombasa na Unguja yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu, masanduku ya njumu na mazulia. Kusi ilipoanza yalirudi na boriti za mikoko. Mabaharia nao walikuwa na vifurushi vyao vya kuuza, na zulia ni mzigo mwepesi kukunja na usioharibika njiani. Si kila lililokuja lilikuwa la wahamaji. Yalikuwemo ya vijijini na ya karakana za mijini. Kila moja lazima litazamwe lenyewe.

Yaliyowapata wafumaji

Katika miaka ya 1930 serikali ya Reza Shah iliwalazimisha wahamaji wa Iran kukaa mahali pamoja. Njia za kuhamia zilifungwa, na mifugo mingi ikafa kwa kukosa malisho. Alipoondolewa mwaka 1941, wengi walirudia safari zao, lakini nguvu za zamani hazikurudi zote. Leo Wakashkai wengi wanaishi vijijini na mijini.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa zimeingia rangi za viwandani. Zilikuwa rahisi na za haraka, lakini za mwanzo zilichuja kwa maji na kupauka kwa jua, na serikali ya Iran ilijaribu kuzipiga marufuku. Kisha yakaja mazulia ya mashine. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza ufundi wa kufuma mazulia wa Fars kwenye orodha yake ya turathi zisizoshikika. Ni heshima, lakini heshima haimlishi mfumaji iwapo mnunuzi hatofautishi kazi ya mkono na ya mtambo.

Namna ya kulitambua

Kwanza, ligeuze. Nyuma ya zulia la mkono nakshi huonekana wazi karibu kama mbele, na utaona kila fundo. La mashine huwa na mgongo ulionyooka mno, na mara nyingi limepakwa gundi au kubandikwa kitambaa.

Pili, tazama matamvua. Katika zulia la mkono matamvua ni ncha za mtande wenyewe, yametoka ndani. Yakiwa yameshonewa kwa juu, tia shaka.

Tatu, chunguza mtande. Wahamaji walitumia sufu, wakati mwingine ikichanganywa na manyoya ya mbuzi. Mtande wa pamba nyeupe mara nyingi ni dalili ya mji au kijiji.

Nne, tafuta makosa. Nyekundu inayobadilika ghafla katikati, nakshi isiyolingana na mwenzake, upande uliopinda. Hizo si kasoro za kupunguzia bei. Uzi uliotiwa rangi mara ya pili haukutoka sawa na wa kwanza, au kambi ilihama kabla kazi haijaisha.

Tano, paka kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya rangi. Kikitoka na wekundu, rangi inachuja. Na uzi mmoja uliochomwa ukinuka kama nywele zilizoungua, hiyo ni sufu.

Kulitunza pwani

Adui wa zulia hapa kwetu ni unyevu, jua kali na nondo. Usilikunje kama shuka. Livingirishe. Lifunue mara kwa mara na kulipigisha hewa kivulini, kwani mabuu ya nondo hupenda sufu iliyolala gizani bila kuguswa. Ligeuze upande ili lisipauke sehemu moja. Usilifue kwa sabuni kali ya unga wala kulisugua kwa brashi ngumu. Likitoboka, usilikate. Fundi hodari anaweza kuziba tundu kwa kufunga mafundo upya.

Na iwapo shida imekufikisha pa kuliuza, si haramu. Lakini kabla ya hapo lipige picha mbele na nyuma, pima urefu na upana, waulize wazee lilinunuliwa na nani na lini, na uandike. Mwonyeshe zaidi ya mnunuzi mmoja. Jina la mwanamke aliyelifuma lilipotea sokoni zamani. Jina la aliyelileta nyumbani kwenu bado linajulikana, maadamu yupo wa kuulizwa.